Mkwe Hapimi Wazee

Nimestaafu. Msicheke. Najua nina miaka thelathini, meno yote yapo na magoti hayajaanza kulia, ila kazi niliyoifanya inazeesha kwa ndani. Nyie vijana wa kijiweni mliochukua nafasi yangu ya kubeba madaktari wanafunzi, kila siku mnaniulizaga, "Bro Tito, hii kazi ikoje?" Nimechoka kumjibu mmoja mmoja. Someni hapa. Mimi mwenyewe niliishia darasa la saba, kwa hiyo hakuna neno gumu humu ndani, na mkiliona mjue nimelisikia kwa profesa.

Kazi yenyewe ni hivi. Kuna chuo cha udaktari Mbeya, na kila mwaka kinachagua wanafunzi wachache wanaotaka kuja kuwa mabingwa wa njia ya mkojo. Yuroloji, wanaitaga. Mwanafunzi anaacha darasa mwaka mzima, anapewa profesa wa kumsimamia na kishikwambi cha kujazia majibu, halafu anatumwa vijijini akatafute kwa nini wanaume wanaumwa tezi dume na hawasemi. Mpango huo unaitwa feloshipu. Sasa mtoto wa watu anatoka darasani anazijua figo mpaka mishipa yake, ila hajui njia ya kwenda kwa balozi wa nyumba kumi wala mbwa yupi anauma. Hapo ndipo tunapoingia sisi wenye pikipiki. Profesa alinipa cheo kabisa: Mhamasishaji Jamii Mwandamizi. Mwandamizi wa nani sijui, maana nilikuwa peke yangu.

Siku ya kwanza nilimbeba kijana mmoja anaitwa Gwamaka, mwembamba, miwani mikubwa, tukapanda ile milima ya nyuma ya mji wa Mbeya kwa wakulima wa viazi. Tukamkuta mzee wa Kisafwa anapalilia. Gwamaka akafungua dodoso lake, lile lenye maswali ya kujibu kwa namba, sifuri mpaka tano. Sifuri maana yake huna shida, tano maana yake unateseka.

"Babu, mwezi uliopita umepata shida gani kuanza kukojoa? Sifuri mpaka tano."

Mzee akaegemea jembe, akamtazama yule kijana na viatu vyake vilivyojaa tope.

"Umetoka mbali?"

"Mjini, babu."

"Weka tano."

"Na mkojo kukatikakatika?"

"Weka tano."

"Na usiku kuamka?"

"Mwanangu, weka tano zote. Mimi siyo mchoyo."

Tulizunguka mlima mzima. Kila mzee tano. Wengine walituongezea na viazi. Profesa alipoyaona majibu akasema katika mlima ule hakuna mwanaume anayekojoa, labda wanatoa jasho tu. Gwamaka akarudia kazi yote upya. Ndiyo nikajifunza jambo la kwanza: huku kwetu mgeni hapewi sifuri.

Mwalimu wangu kwenye kazi hii hakuwa profesa. Alikuwa Mama Mbilinyi, nesi wa wodi ya wanaume, mama mnene wa Kibena asiyecheka hata akitekenywa. Aliponiona mara ya kwanza nimevaa fulana ya mradi akaniuliza, "Wewe ndiye utakayeongozana nao vijijini?" Nikasema ndiyo mama. "Unapenda kucheka?" Nikasema kidogo. Akasema, "Muongo, una sura ya kucheka. Sikiliza. Ukitaka kucheka, cheka kabla hujaingia. Ukishaingia kwa mgonjwa, kicheko kibaki nje na viatu." Sheria hiyo nimeishika miaka yote. Kuna nyumba nimewahi kusimama nje nikicheka mpaka mwenye nyumba akatoka kuuliza kama naumwa.

Na hiyo fulana niliyoitaja mtapewa na nyie. Mgongoni imeandikwa TUZUNGUMZE MKOJO, herufi kubwa, rangi ya njano. Aliyebuni hiyo nadhani hana mama. Wa kwangu alinikuta nimeivaa Jumapili, akanivua, akaigeuza nje-ndani palepale mlangoni pa kanisa, Lutherani nzima ikiangalia.

Kifaa kingine ni tezi ya plastiki. Ni sanamu ya kufundishia, inafunguka katikati kama parachichi, unamuonyesha mzee njia ya mkojo inapita hapa, nyama ikikua inabana hapa. Ibebeni kwenye begi lenye zipu. Mimi niliifunga na kamba nyuma ya pikipiki, trafiki akanisimamisha.

"Hiyo nini?"

"Tezi dume, afande."

Akaikagua juu chini. "Ya nani?"

Nilitaka kujibu, ila nilikumbuka sina leseni.

Basi. Hayo ni ya kuanzia tu. Kazi iliyonizeesha hasa ilikuwa kwetu Idodi, Iringa, barabara ile wanayopita watalii wakienda kuangalia tembo. Tembo wetu wakifika shambani hatuwaangalii, tunawakimbia, lakini hiyo ni habari nyingine.

Mwaka huo feloshipu alipata binti mmoja, Atupele, Mnyakyusa wa Tukuyu. Mrefu, mpole, anaongea kama anasoma taarifa ya habari. Darasani kwao walimcheka: mwanamke na tezi dume wapi na wapi? Kuna mwenzake wa kiume alikuwa anaimezea mate nafasi ile wazi kabisa. Nilimuuliza Atupele siku ya safari kwa nini asichague magonjwa ya watoto kama wasichana wengine.

Akanijibu nyuma ya pikipiki, upepo unapiga, "Babu yangu alifungiwa mkojo, Tito. Akasema malaria. Tukamnunulia dawa ya malaria mpaka tunamzika. Watu wanakufa kwa aibu, na aibu haina dripu."

Nikaongeza mwendo mpaka tukapita Iringa mjini.

Profesa alikuwa amemwambia wazi: wazee wa Idodi wakikubali kuhojiwa na kupimwa, anaendelea na yuroloji mpaka mwisho. Wasipokuja, anarudishwa chuoni akaandike habari za makaratasi ya maktaba, na nafasi anapewa yule mwenzake anayeimezea mate. Kwa hiyo mjue, tuliposhuka pale kijijini, ndoto ya yule binti yote ilikuwa mikononi mwa wazee wa Kihehe na suruali zao.

Na mapokezi yalikuwa mazuri, bwana! Hilo ndilo lililotuponza. Mwenyekiti wa kijiji aliitisha mkutano. Mwenyekiti wetu ni mzee wa mvi, kofia haivui, anapenda kipaza sauti kuliko chakula. Akamsimamisha Atupele mbele, akaanza:

"Ndugu wananchi! Madaktari wakija hapa wanakaa kidogo, wanakimbia. Uongo?"

"Kweli!"

"Huyu hatakimbia! Ninatamka mbele ya mkutano huu halali, huyu binti kuanzia leo siyo mgeni. Huyu ni mkwe wetu! Kijiji kimeoa!"

Vigelegele mpaka ng'ombe wakageuka. Akina mama wakamfunga kanga, akapewa jogoo. Atupele akapiga goti kidogo kama alivyofundishwa kwao, machozi yanamlenga. Mimi nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto. Hata tabibu wetu wa zahanati, mtu anayesinzia kwenye kila mkutano, aliamka akapiga. Wote tulipiga, na wote tumekulia kwenye nyumba zenye wakwe. Hakuna hata mmoja aliyefikiria tumefanya nini.

Kesho yake tukafungua chumba pale zahanati. Pazia jipya, kitanda kimefutwa, tezi ya plastiki iko mezani inang'aa. Tukakaa. Hakuja mtu. Siku iliyofuata, hakuna mtu. Alikuja mbuzi mmoja, jike.

Halafu nikaanza kuona vituko. Tukitembea na Atupele barabarani, mzee akitokea mbele anakata kona ghafla, anaingia kwenye majaruba ya mpunga na viatu vyake. Mwingine alijificha nyuma ya mti ambao ulikuwa mwembamba kuliko yeye, akabaki amesimama pale tunamuona pande zote mbili. Tukienda nyumbani kwao wanakimbilia uani, salamu zinakuja kwa mjukuu: "Babu anasema kamwene, hajambo, amelala." Huku tunamsikia babu anakohoa.

Atupele akasema, "Wanaogopa kipimo cha kidole."

Mimi pia niliona ndiyo hiyo. Wanaume wote wanakiogopa hicho kipimo, cha daktari kupapasa tezi kwa kidole kupitia nyuma, mimi mwenyewe nikikisikia nakaa vizuri kwenye kiti. Nikasema dokta, niachie mimi, mimi ni Mwandamizi. Nikaazima spika, nikaifunga kwenye pikipiki, nikazunguka kijiji kizima natangaza: "Wazee wetu, njooni zahanati! Msiogope! Kuna damu tu na maswali! Kidole ni kwa atakayekubali mwenyewe!"

Sasa kumbe nusu ya kijiji walikuwa hawajawahi kusikia habari ya kidole. Niliwaletea mimi. Mpaka jioni hata vijana wenzangu walikuwa wanakata kona.

Tukajaribu semina yenye soda. Wazee wakawatuma wake zao waje kunywa soda.

Profesa akapiga simu. Aliongea kwa upole, na mjue profesa akiongea kwa upole kuna mtu anaenda kulia. "Atupele, ninakuja mwisho wa wiki. Nikikuta chumba kitupu tutarudi wote Mbeya. Siyo kosa lako. Pengine kwa jamii kama hizi, yuroloji inahitaji mtu wa kiume." Atupele akasema sawa profesa, asante profesa. Akakata simu, akachukua tezi ya plastiki, akaanza kuifunga kwenye begi taratibu, upande mmoja, upande wa pili.

Ndipo akaingia Bibi Anjela. Huyu ni jirani yetu nyumbani, bibi mfupi, mkali, Mkatoliki wa misa ya kwanza. Mumewe ni Mzee Kihwele, aliyeendesha mashine ya kusaga ya kijiji tangu mimi sijazaliwa. Kelele za mashine zile zimemuachia tabia: mpaka leo anaongea kama inanguruma pembeni yake. Akikwambia siri, wa ng'ambo ya mto anaitika.

Bibi Anjela alisimama mlangoni na beseni la mashuka mabichi.

"Mkwe, hujambo?"

"Shikamoo, mama."

"Umeona! Mama! Sasa nani atawatibu?" Akatua beseni. "Mume wangu tangu asubuhi anaenda chooni anarudi, anaenda anarudi. Linatoka tone. Tumbo limekuwa gumu kama ngoma. Namwambia twende kwa daktari, ananijibu, 'Nikamvulie suruali mkwe? Bora nipasuke!'"

Atupele akaniangalia. Mimi nikamuangalia tabibu. Tabibu akaangalia dari.

"Kwani mimi ni mkwe wa nani?" Atupele akauliza.

"Wa wote! Mwenyekiti si alikuoza kwa kijiji kizima? Na nyie mkapiga makofi kama bata. Mzee gani wa Kihehe atakaa chumba kimoja na mke wa mwanae, amwambie shuka limelowa? Hata mkono hawakupi! Kwenu Unyakyusa mkwe anaweza?"

Atupele akajishika kichwa. "Kwetu ndiyo kabisa. Mkwe akimuona baba mkwe anakimbia yeye." Akaanza kucheka, kicheko kibaya cha mtu aliyechoka. "Nimekaa hapa nawaza kidole."

Nikapanda pikipiki mbio mpaka kwa Mwenyekiti. Nikamweleza, mzee, futa ule ukwe, watu wanapasuka. Akavaa kofia vizuri.

"Tito, lile lilikuwa tamko la mkutano mkuu."

"Ndiyo, mzee."

"Tamko la mkutano mkuu linafutwa na mkutano mkuu."

"Basi itisha."

"Lazima tangazo litangulie. Na ajenda. Na mtendaji wa kijiji yuko Iringa kwenye semina."

"Semina ya nini?"

"Ya kuitisha mikutano."

Niliporudi na majibu hayo, Bibi Anjela alinyanyua beseni lake, akaniambia, "Twende na pikipiki yako. Na wewe mtoto," akamgeukia Atupele, "nikirudi usiniite mama. Utajua mwenyewe la kuniita. Ukishindwa hapo, rudi kwenu kalime ndizi."

Siku hiyo ilikuwa ya mnada, watu wamejaa mbele ya zahanati, nyanya, mitumba, mishkaki. Nikawaleta wote wawili, Mzee Kihwele katikati amejikunja ananishika kiuno, bibi nyuma amemkamata asiruke. Bado hatujasimama vizuri, bibi akashuka, akafunga kanga kiunoni, akapaza sauti mnada wote ukageuka:

"Yuko wapi huyo mke mwenzangu? Mvivu mkubwa! Atoke nje!"

Hata wa mishkaki aliacha kupepea moto.

Atupele akatoka mlangoni na koti lake jeupe.

"Ndiyo, wewe! Mume anateseka, mimi nafua usiku na mchana, wewe mke mdogo umekaa unachezea kompyuta! Uzuri huo ni wa kuangalia tu?"

Mnajua wenyewe huku kwetu. Mjukuu wa kike ni mke wa babu, na kwa bibi ni mke mwenza. Babu na mjukuu hawana siri, watataniana mpaka kaburini, hakuna wa kukasirika. Bibi alikuwa amemtoa yule binti kwenye ukwe akamtupa kwenye ujukuu, mbele ya watu wote, bila ajenda na bila mtendaji. Lakini mlango wa utani unafunguliwa na watu wawili. Atupele asingejibu, au angejibu kwa heshima, bibi angebaki mwendawazimu wa mnadani na mzee angerudi nyumbani na tumbo lake. Na mimi niliyemjua yule binti wa taarifa ya habari, nilifumba macho.

Halafu nikasikia:

"Na wewe bibi unapiga kelele za nini? Ulipewa kijana wa watu, mzima, ana meno! Umemtumia mpaka amekuwa gofu, ndiyo unaniletea mimi nikarabati?"

Mnada ulipasuka. Kuna mama alikalia nyanya zake. Bibi Anjela alipiga makofi, akasema, "Eeh! Huyu ndiye!" Mzee Kihwele kwenye pikipiki akaanza kutetemeka kwa kicheko huku ameshika tumbo.

"MSINICHEKESHE!" akapiga kelele. "ITATOKA!"

Bibi akamgeukia. "Ingekuwa inatoka, tungekuja hapa?"

Akaingia mwenyewe, kwa miguu yake. Pazia likafungwa. Sasa Atupele alikuwa amefundishwa usiri wa mgonjwa, akaanza kuuliza kwa kunong'ona. Sisi nje hatukusikia hata neno moja la maswali. Majibu yalisikika mpaka kwenye majaruba.

"NDIYO, MKE WANGU! NAAMKA USIKU KUCHA!"

Mnong'ono.

"HAPANA, HALIFIKI MBALI! ZAMANI NILIKUWA NAZIMA MOTO, SASA NALOWESHA VIATU!"

Mnong'ono mrefu. Nadhani alikuwa anamwomba apunguze sauti.

"NIPUNGUZE YA NINI? NIMEFICHA MIAKA YOTE, NDIYO NIMEPATA HII!"

Nje watu walicheka mwanzoni. Halafu wazee wakaacha kucheka, mmoja mmoja. Nilikuwa nawatazama. Mmoja alikuwa anakubali kwa kichwa kwenye kila jibu bila kujua kama anakubali. Mwingine akamnong'oneza mwenzake, "Na mimi viatu." Mwenzake akasema, "Vyangu hivi hapa, angalia."

Tabibu na Atupele wakamuwekea mzee mpira wa mkojo. Punde ikasikika kama mvua ndogo kwenye ndoo. Halafu mzee akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima, kama mashine ya kusaga inayozimwa baada ya kazi ya siku nzima.

"AAAAH! MKE MDOGO ANA MIKONO! HUYU HAONDOKI HAPA!"

Mzee aliyekuwa karibu na mlango akavua kofia, akajipangusa vumbi, akasema kwa aibu kidogo, "Mimi nafuata. Nasubiri zamu kwa mke wangu."

"Wako tangu lini?" akadakia mwingine. "Mimi ni mkubwa kwako, nianze mimi!"

Mwisho wa wiki Profesa aliposhuka kwenye gari alikuta benchi zimejaa, wazee wanagombania nani mume mkubwa. Akamuuliza Atupele ametumia mbinu gani. Atupele alikuwa anaandika, hata hakuinua kichwa: "Nimeolewa upya, profesa." Nafasi yake haikuguswa na mtu tena. Yule mwenzake wa kiume tulisikia amehamia kwenye masikio.

Sasa wataalamu hawawezi kuona kitu kizuri wakakiacha. Profesa akakiita Mkakati Shirikishi wa Ukaribu wa Kiutani. Tukaitwa hotelini Mbeya, chai, vitafunwa, karatasi kubwa ukutani, tukapangiwa makundi tujadili hatua za kutaniana. Kundi letu liliulizwa utani uwe wa dakika ngapi. Wakatunga mwongozo, wakaugawa kwa wanafunzi. Kijana mmoja akaenda nao kijiji fulani cha Rungwe, akamkuta mama wa makamo anachuma chai, akamwambia kama ilivyoandikwa, "Habari za asubuhi, mke wangu." Yule mama alikuwa umri wa mama yake, na mumewe halisi alikuwa mstari wa pili na panga. Kijana alirudi Mbeya kwa miguu yake, haraka kuliko pikipiki yangu. Nyie mkipewa huo mwongozo, funikieni maharage.

Mzee Kihwele alipelekwa Iringa hospitali akafanyiwa upasuaji, akapona. Atupele akamaliza mwaka wake, akamaliza chuo, akaajiriwa palepale Iringa kwenye kliniki ya mkojo. Wazee wa Idodi wote walishapima. Wote, isipokuwa mmoja. Mwenyekiti. Ule mkutano wa kufuta tamko haukuitishwa mpaka leo, na yeye ndiye aliyetamka kwa mdomo wake na kipaza sauti. Wenzake wote waliingia ujukuuni kwa mlango wa Bibi Anjela, yeye akabaki peke yake nje, baba mkwe halali wa mkutano mkuu. Kila Atupele alipokuja kutusalimia, kofia ile tuliiona inakata kona kwenye majaruba.

Safari yangu ya mwisho kabla ya kustaafu ilikuwa naye. Alinivizia njiani nikienda kujaza mafuta, anatembea kwa hatua fupifupi kama amebeba yai.

"Tito, nipeleke Iringa."

"Kuna mkutano, mzee?"

"Usiniulize. Nataka hospitali kubwa, ambako hakuna anayenijua. Na usimwambie mtu."

Nikawasha pikipiki. Njia nzima aliniambia nikwepe mashimo, na ile barabara yote ni mashimo. Pale hospitali akapanga foleni, kofia imeshuka mpaka puani. Sikumwambia nani yuko ndani. Sikuulizwa. Jina lake likaitwa, akaniomba nimshike mkono, tukasukuma mlango.

Dokta Atupele akainua uso.

Mwenyekiti aliganda. Alitazama mlango. Alitazama dirisha, nadhani alikuwa anapima kama anapita. Akanitazama mimi jicho ambalo silisahau. Kisha akajikunja kidogo, tumbo limemkumbusha kilichomleta.

Atupele akasimama taratibu, akapiga goti, lile la siku ya kwanza.

"Shikamoo, babu."

Neno lilikuwa kwa mzee sasa. Akijibu "marahaba, mkwe," tunarudi Idodi na tumbo lake, tamko limesimama, mkutano umeheshimiwa.

Akavua kofia. Mara ya kwanza maishani mwangu kuona kichwa chake.

"Marahaba," akasema, sauti ndogo kabisa, bila kipaza. "Marahaba... mke wangu."

Nilimkumbuka Mama Mbilinyi na sheria yake ya kicheko. Nikatoka nje, nikafunga mlango nyuma yangu vizuri, nikafika mpaka kwenye pikipiki. Ndiyo nikaanza.